Naomba ushauri: deni la madawati na miaka sita ya kushtaki

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni seremala, niko Nakuru. Novemba 2020 nilimtengenezea mwanakandarasi mmoja madawati 60 ya shule kwa shilingi 270,000. Tuliandikiana, akachukua mzigo wote. Machi 2022 akanitumia 30,000 kwa M-Pesa, na tangu hapo ni "wiki ijayo, fundi". Karatasi ya kupokelea mzigo ninayo. Mvua iliifikia pembeni, lakini sahihi yake ya kalamu ya buluu ingali inasomeka.

Sasa nataka kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Najua inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kinachoninyima usingizi ni muda, maana madai ya mkataba yana miaka sita tu.

Je, miaka hiyo inahesabiwa tangu Novemba 2020, au ile 30,000 imeuanzisha muda upya? Nimeambiwa kulipa sehemu ya deni ni sawa na kulikiri, ila naogopa kutegemea la kuambiwa kisha nirudishwe mlangoni. Na meseji zake, niziandaeje zikubalike kuwa ushahidi? Tena amehamia Mombasa. Nifungue kesi huku au huko?

Mliopitia haya nielekezeni tafadhali. Vijana wawili walionirandia mbao bado wananidai, na kila wakipita karakana nakosa la kuwaambia.