Kanuni ya "now" na "every day" inawapotosha wanafunzi wa Kiingereza, na bado mnaifundisha

Ndugu wadau,

Nimechoshwa na namna tunavyofundishwa kuchagua kati ya wakati uliopo wa kawaida na wakati uliopo endelevu katika Kiingereza. Karibu kila kitabu cha mazoezi kinamwambia mwanafunzi atafute kielezi: akiona "every day" aandike "I work", akiona "now" aandike "I am working". Kanuni hiyo ni rahisi kusahihisha, na nashuku kwamba ndiyo maana haiachwi.

Anayeifuata kwa utii ataandika "I am knowing the answer now", kisha atakatwa maksi bila kuelezwa kwamba "know", "own" na "belong" hutaja hali, si tendo linaloendelea, na hivyo kwa kawaida hazipokei "-ing". Akishakaririshwa orodha ya vitenzi hivyo, anakutana na "I am thinking about it" na "She is having lunch", anachanganyikiwa upya, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba "think" ya kuwa na maoni si sawa na ya kutafakari, wala "have" ya kumiliki kitu si sawa na ya kula.

Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni jaribio la kozi moja ambalo sentensi "He is always complaining" ilihesabiwa kuwa kosa, eti "always" ni ya mazoea. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa! Anayesema "He always complains" anaweza kuwa anatoa taarifa tu, lakini anayesema "He is always complaining" anaonyesha pia kwamba amekerwa. Mtahini asiyeijua tofauti hiyo anapata wapi ujasiri wa kuwakata wengine maksi?

Kwetu sisi jambo hili lilihitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kiambishi "-na-" hubeba maana zote mbili: "anafundisha" huweza kumtaja mtu ambaye kazi yake ni ualimu, au aliyesimama mbele ya darasa wakati huu. "Anaishi London" huweza kuwa "She lives in London" au "She is living in London", na hakuna kielezi cha kumwokoa mwanafunzi hapo. Uamuzi unategemea kama msemaji anayaona makazi hayo kuwa ya kudumu au ya muda. (Sijagusa "The train leaves at six tomorrow", ambayo inahusu kesho na bado imo katika wakati uliopo wa kawaida.)

Kwa hiyo nawauliza walimu waliomo humu: kwa nini somo lisianze na swali la jinsi msemaji anavyoliona tendo, vielezi vikaja baadaye kama dalili tu? Na kama kuna kitabu kinachofanya hivyo, tafadhali kitajeni hapa.