Wakuu hii foresaiti ya kupangia sera na hela za utafiti ina kazi kweli au ni semina tu?

Mtumba_Kwa_Mguu

Kwema wakuu. Nipo hapa Dodoma kwenye taasisi ya umma (siitaji), kitengo cha mipango. Wiki iliyopita bosi katoka kwenye kikao karudi na jambo jipya, foresaiti, anataka tuandae zoezi la kuangalia mbele mpaka 2050 halafu matokeo yake yatusaidie kuamua tangazo lijalo la fedha za utafiti liende kwenye maeneo gani. Hela yenyewe ndogo, msidhani ni mabilioni, ila watafiti wa vyuo wanaisubiri na kila idara imeshajiandaa kusema eneo lake ndo kipaumbele cha taifa.

Sasa mimi nimesoma uchumi, makadirio nayajua, unachukua takwimu za miaka ya nyuma unavuta mstari kwenda mbele basi. Nikamwambia bosi si ndo hicho tunachofanya kila mwaka kwenye MTEF (ule mpango wa bajeti wa muda wa kati)? Kasema hapana ni kitu kingine, nilipomuuliza ni kipi akaniambia nitafute. Ndo natafuta 😅

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 tayari ipo, ilizinduliwa hapa hapa Julai 2025, imeshasema tunataka uchumi wa dola trilioni 1 na kipato cha dola 7,000 kwa mtu. Kama tunapokwenda panajulikana, mtu anakaa chini kuangalia mbele nini tena? Na je kuna nchi ambayo haya mambo yalihamisha hela kweli au ni ripoti zenye picha nzuri tu? Na kwa ofisi yenye watu wawili na bajeti ya chai tunaanzia wapi. Naombeni majibu ya watu waliofanya, siyo ya kugugo.

ndala_tatu

Kwa hiyo mmeanza kupiga ramli ofisini 😂😂 posho ipo?

Kisima_Kirefu

Mkuu ngoja nikupe tofauti kwa mfano wa hapo hapo ulipo, maji unayooga asubuhi.

Maji ya Dodoma mjini sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Bahati nzuri kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 50, kumbukumbu ndefu kiasi hicho kwa maeneo makavu ya Afrika unazihesabu kwenye vidole. Mwaka 2013 wanasayansi, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo na walichokuta ni kwamba bonde halijai kidogo kidogo kila masika. Maji yanashuka, yanashuka, miaka inapita, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kama ile El Nino ya 1997/98 ndo unajaza. Yaani tunaishi kwa misimu michache sana.

Sasa chukua mstari wako. Ukitafuta wastani wa maji yanayoingia kwa mwaka utapata namba safi kabisa, utaipeleka kwenye jedwali, bosi atasaini, na hiyo namba karibu hakuna mwaka imewahi kutokea. Upande wa watu nao, sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu 410,956, sensa ya 2022 jiji lina 765,179. Nani mwaka 2012 angevuta mstari wa namna hiyo? Uamuzi wa serikali kuhamia ulikuwepo tangu 1973, lakini kuhamia kwenyewe kulikuja kutangazwa 2016, hakumo kwenye takwimu yoyote ya nyuma.

Foresaiti inakuuliza maswali tofauti. Vipi kama jiji likiendelea hivi hivi na mvua kubwa ikachelewa miaka kumi na mbili? Vipi kama mvua kubwa zikaja mara nyingi zaidi lakini maeneo ambayo maji yanazama ardhini tumeshayajenga na kuyapiga zege? Vipi kama bwawa la Farkwa likakamilika na watu wote wakasahau habari ya visima? Kila hali unaiuliza kitu kimoja, ili tusije kuumbuka hapo ni utafiti gani ulitakiwa uwe umeanza leo? Maana utafiti hauzai kesho, mwanafunzi wa PhD miaka minne, mbegu mpya inaweza kula miaka kumi, sasa wewe ukisubiri tatizo lifike ndo utangaze hela umeshachelewa tayari.

Kuhusu Dira, hiyo inasema tunataka kufika wapi. Haikwambii njiani utakutana na nini, na sidhani kama ni kazi yake.

Mtumba_Kwa_Mguu

Aisee @Kisima_Kirefu nimekuelewa kuliko makabrasha yote niliyopewa. Hapo kwenye wastani umenigusa maana ndo kazi yangu ya kila siku hiyo.

Babu wa Kongwa

Vijana mnahangaika na mifano ya mbali wakati darasa kubwa la jambo hili liko hapa hapa mkoani, mashariki ya Dodoma mjini. Mnajua historia ya mradi wa karanga?

Mwaka 1946 Waingereza walileta ujumbe wa watu watatu, wakazunguka Afrika Mashariki wiki tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika kwamba yatafunguliwa mashamba ya karanga ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. 1947 wakaanza na Kongwa. Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, kwa hiyo jibu lilishatakiwa kabla ya swali. Matrekta ya mitumba yakakatika kwenye visiki, mizizi ya mibuyu ikawatoa jasho, udongo wa kule kiangazi ukikauka unakuwa saruji, karanga ziko chini na jembe haliingii. Mvua nayo ikafanya inavyofanyaga siku zote Ugogoni. 1951 wakafunga, pauni zaidi ya milioni 36 zimekwenda na maji.

Na Wagogo walikuwepo pale wanalima uwele na mtama na kufuga, vizazi na vizazi, kila mzee angeweza kuwaambia mvua ya Kongwa ina tabia gani. Majaribio ya maana ya udongo na mvua hayakufanyika kwanza. Sisemi hivi kuwacheka, nasema wale hawakukosa akili wala pesa. Walikuwa na picha moja tu ya kesho na walishailipia. Kwa hiyo mjukuu wangu kabla hujaanza zoezi lako chunguza kwanza kama bosi wako hana jibu mfukoni tayari, kama analo hilo zoezi litakuwa mhuri tu wa kugongea.

ndala_tatu

Shikamoo babu. Hapa sasa nimekaa kimya nasoma.

Dada_wa_Ceiling

Shikamoo nampa babu mimi pia, kaongea kitu kizito 🙌

Nijibu la nchi zilizofanya. Watu wanapenda kuanza na Shell, kampuni ya mafuta, kwamba mwanzoni mwa miaka ya 70 walikuwa wameshajiandikia hadithi ya mafuta kupanda bei, 1973 ikatokea kweli, bei kutoka kama dola 3 pipa mpaka karibu 12, wao wakawa wameshaifikiria. Sawa, ila ile ni kampuni, mkubwa mmoja akiamua imekwisha. Serikali ni habari nyingine. Finland wana kamati ya bunge ya mambo ya baadaye tangu 1993 na kila kipindi cha bunge serikali inapeleka ripoti ya mustakabali na kamati inaijibu. Singapore wana kituo chao tangu 2009 karibu kabisa na ofisi ya waziri mkuu. Japan tangu 1971 wanauliza wataalamu kwa maelfu kila baada ya miaka kama mitano teknolojia gani itafika lini, na majibu yanalishwa kwenye mipango yao ya sayansi.

Ule ninaoupenda mimi ni wa Uingereza, mafuriko, ripoti ya 2004. Walichukua hali nne tofauti za nchi yao kijamii na kiuchumi wakazichanganya na hali za tabianchi, wakaangalia mpaka miaka ya 2080 hasara ya mafuriko ingekuwaje kwenye kila moja. Tofauti yake na ripoti nyingine ni kwamba idara yenye dhamana ya mafuriko ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ilipotoka haikuwa ya kupokelewa, ilikuwa yao, na sera ya mafuriko na bajeti yake vikaifuata. Uholanzi nao 2015 waliwauliza wananchi wa kawaida mnataka sayansi ijibu nini, wakapata maswali 11,700 hivi, wakayachambua yakawa 140, na baadaye mfuko wa utafiti ukatangaza hela kwa kufuata maswali hayo. Mimi hapo nilisimama kidogo, maana kwetu mkulima anaulizwa mwishoni kabisa, tena kwenye dodoso.

Sasa mkuu nikwambie kitu ambacho kwenye semina hawatakwambia. Adui yako ni kalenda. Mwongozo wa mpango na bajeti unatoka kama Novemba hivi, ceiling (ukomo wa bajeti wa kila taasisi) zinafuata, Aprili mpaka Juni mjini pale hoteli zimejaa kwa ajili ya bunge na tarehe 1 Julai mwaka umeanza. Ripoti yako ikikamilika Machi hata iwe imeandikwa na malaika imeshakosa basi. Anza na uamuzi upi, nani anausaini, tarehe ngapi, halafu rudi nyuma uhesabu una wiki ngapi, zoezi liwe na ukubwa wa hizo wiki. Hata wewe mwenye watu wawili unaweza, ongea na watu ishirini tu lakini nusu yao wasiwe wa sekta yako, mwenye lori, afisa ugani, mtu wa benki, binti anayeuza zabibu stendi, waulize nini kimebadilika ambacho wakubwa bado hawajakiona.

Halafu usiwaweke wote chumba kimoja mapema! Hapa kwetu profesa akishaongea nani atampinga? Kikao kizima kinageuka kuwa "kama alivyosema profesa". Ile njia ya Delphi ina raha hiyo, kila mtu anajibu peke yake kwa maandishi bila jina, unakusanya, unawarudishia wote waone wenzao wamesemaje, wanajibu tena. Inafanyika kwa imeili tu bila hata hela ya ukumbi.

MtafitiMchovu

Samahani niwe mbishi kidogo. Haya yote ni mazuri kwa nchi ambayo hela ya utafiti ni yake. Umoja wa Afrika ulishakubaliana asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, sisi bado tunaiimba tu. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ipo kwa sheria tangu 1986, mfuko wake wa sayansi tangu 1995, lakini uliza mtafiti yeyote wa chuo mradi wake wa mwisho ulilipiwa na nani, atakutajia jina la kizungu. Mfadhili anakuja na maeneo yake, mwaka huu hiki mwaka kesho kile, na sisi tunageuza mapendekezo yafanane na tangazo. Foresaiti ya nani sasa hapo?

Dada_wa_Ceiling

@MtafitiMchovu sikupingi kuhusu hela, ila mimi nimekaa kwenye meza hizo za wafadhili, yule anayekuja na karatasi yake iliyofikiriwa anasikilizwa tofauti na yule anayekuja kuuliza "mna hela za nini mwaka huu". Siyo kila mara. Lakini mara kadhaa nimeona eneo limebadilishwa kwa sababu upande wetu tulikuwa na sababu zilizoandikwa.

MtafitiMchovu

Mara kadhaa ngapi? 😏 Haya bana. Ila kuna kingine, kamati zetu zinapenda kumpa kila mtu kidogo ili asinune mtu. Ukishagawanya hela ndogo kwa vipaumbele kumi na nane huna kipaumbele. Hilo foresaiti inalitibu vipi?

Kisima_Kirefu

Hailitibu, ila inaweza kuwapa kamati kisingizio cha kukataa. Sisi tulivyofanya kwenye mradi mmoja wa maji (sitaji), kila wazo la utafiti tulilipitisha kwenye hali nne za baadaye tulizojiandikia. Mengine yalikuwa na faida kwenye zote, mfano kuendelea kupima visima, hayo yanapewa hela bila mjadala mrefu, tena ndo yanayosahaulikaga maana hayana mvuto. Mengine yana faida kwenye hali moja tu lakini ikitokea hiyo yanaokoa jiji, mfano utafiti wa kuingiza maji ya mafuriko ardhini kwa makusudi, hayo tukachagua machache kama dau. Yaliyobaki yalipendeza tu kwenye ile hali ambayo kila mtu anaitamani. Hapo ndo watu walinuna kweli, lakini walinuna na sababu mkononi.

Na muweke dalili za kufuatilia, mfano misimu kadhaa mfululizo bonde halijajazwa, mnakaa tena mnabadilisha mgawo. Bila hivyo mmeandika hadithi nne za kufurahisha mkafunga faili.

Mtumba_Kwa_Mguu

Wakuu nimeshukuru sana. Jana nimemfuata bosi nikamuuliza kama alivyosema babu, kama kuna eneo ambalo limeshaamuliwa. Akacheka akasema "kidogo" 😂 ni mambo ya TEHAMA. Tumekubaliana hilo litengewe fungu lake pembeni lijulikane limeamuliwa, zoezi lihusu hela iliyobaki. Na badala ya mpaka 2050 kwa kila kitu tumelipunguza, tunachukua kilimo cha nyanda kavu na maji, mkoa huu na Singida, miaka ishirini. Tarehe ya mwisho ni kabla mwongozo wa bajeti haujatoka.

Nahitaji watu wa zabibu na wa mtama ambao siyo wanasayansi. Wakulima wenyewe au wanaonunua. Mwenye namba aje PM.

Babu wa Kongwa

Njoo Kongwa siku ya mnada wa ng'ombe, utawapata wa mtama na wa mifugo kwa pamoja na hawatakudai posho. Wafugaji usiwaache maana hujawataja.

Kisima_Kirefu

Wa zabibu nina mama mmoja wa Hombolo na vijana wawili wa Mpunguzi, wote wanamwagilia kwa kisima. Ila usiwafuate wakati wa mavuno, mwezi wa pili mpaka wa tatu na wa nane mpaka wa tisa, hutapata mtu wa kukaa na wewe hata dakika kumi. PM imetumwa.

ndala_tatu

Kwa hiyo posho hakuna kabisa?