Tupeane uzoefu: mwaka wa kwanza wa politekniki (kitivo cha uhandisi) hapa Lubumbashi ulikushika wapi?

MwanaKatuba
Jambo yenu wote. Mdogo wangu ameanza politekniki mwaka huu. Juzi alirudi nyumbani amenyamaza, hata bukari hakugusa. Kumbana kidogo, akatoa karatasi: hesabu za analizi, 4 juu ya 20. Na huyu ndiye mtoto tuliyemmwagia poda barabarani siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka, alikuwa na asilimia 76!

Nilitaka kumpa pole, nikajikuta nacheka, maana mimi mwaka wangu nilipata 3. Sekondari nilikuwa naishi kwa kukariri. Mwalimu anaandika, nashika, narudisha vilevile. Nilijua kwamba sin x ukiigawa kwa x, x ikikaribia sifuri, jibu ni 1. Asistanti akauliza: na kama x ni digrii? Oditwari nzima kimya. Nikaandika 1 kwa mwandiko mzuri kabisa. Jibu ni pi juu ya 180, kwa sababu ile 1 inasimama tu pembe ikipimwa kwa radiani. Miaka yote nilikuwa naitamka kama sala, sikuwahi kuuliza inatoka wapi.

Sasa leteni zenu. Ilikushika wapi, ukatokaje? Mawaidha ameshapewa ya kutosha na mama.

Binti_Kipushi
Yaya, mimi ni jometri deskriptivu. Hesabu nilikuwa naziweza, lakini ile michoro nilikuwa naiona kama nyuzi za buibui.

Kwa ambao hawajaipitia: una sakafu na una ukuta. Nukta iko hewani. Unaishusha wima mpaka sakafuni, unaweka alama. Unaisukuma moja kwa moja mpaka ukutani, unaweka alama nyingine. Halafu ukuta unalazwa chini, vyote viwili vinakuwa karatasi moja. Njia hiyo ni ya Gaspard Monge, Mfaransa wa karne ya 18. Prof alieleza vizuri tu, lakini mimi nilikuwa naona karatasi, chumba sikukiona. Wenzangu wanachora, mimi nanakili, na ukinakili mchoro usioelewa unakosea hata kunakili.

Siku moja nikachukua katoni ya sabuni dukani kwa mama, nikaikunja katikati: nusu sakafu, nusu ukuta. Nikachomeka sindano ya kufumia ikae kiupande. Umeme ulikuwa umekatika, nikamulika tochi kutoka juu. Kivuli kikanidanganya vibaya, kilikuwa kirefu kuliko sindano yenyewe! Nikakasirika, nikalala. Kesho yake ndipo akili ikafunguka: miale ya tochi inatawanyika, na Monge anataka miale inayokwenda sambamba. Nani ana miale sambamba? Jua. Na ilikuwa mwezi wa pili, mnajua hapa kwetu mwezi ule mvua ikipumzika jua linasimama juu ya utosi. Nikatoka uani saa sita na kitu, katoni mkononi, majirani wananitazama.

Kivuli cha sindano kikawa kifupi kuliko sindano. Nikaanza kuilaza polepole, na kivuli kikawa kinarefuka, kinarefuka, mpaka sindano ikawa sambamba na sakafu, na hapo kivuli na sindano vikalingana. Urefu wa kweli! Sura nzima ya sillabu iliyonitoa machozi ilikuwa pale uani kwa mama, katikati ya ndoo. Mtihani nilipata 13. Katoni ninayo mpaka leo.

Mtu_wa_Kamalondo
Mimi ni njaa, sina hadithi ya kisomi. Taxi-bus mbili kwenda Kasapa kwenye kampasi, mbili kurudi. Pesa ya mikate ndiyo ilikuwa pesa ya kurudia. Ukisikia mtu anasinzia kwenye somo la saa nane, usiseme ni mvivu. Nilihamia kwa shangazi karibu na kampasi, nikawa nafundisha watoto wake hesabu, tukamalizana.

Tatu_Bora
Watu watasema "tafuteni kundi la kusomea". Kundi letu lilikuwa watu tisa. Wawili wanafanya zoezi, saba wanazungumza mpira wa Mazembe. Tulipobaki watatu ndipo kazi ilianza. Sheria ilikuwa moja: aliyeelewa hashiki kalamu, anayeshika ni yule ambaye hajaelewa.

Binti_Kipushi
Tatu_Bora, hiyo ya kalamu nimeiiba.

Vieux_Kolwezi
Wadogo zangu, jambo. Mwaka wa kwanza sisi tulisema G1, ninyi mnasema L1 au Bac 1. Jina linabadilika, usingizi ni uleule mchache.

Mimi nilirudia mwaka. Wiki tatu sikumwambia baba. Asubuhi natoka na mfuko wa madaftari, nazunguka mjini, jioni narudi. Sisemi zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alijua siku ya pili.

Kilichoniangusha ni kemia. Naona alama na mishale, hainihusu. Mwaka wa kurudia, mjomba aliyekuwa amefanya kazi kwenye tanuru la shaba la Lubumbashi alinipeleka tuuangalie ule mlima mweusi ulio pembeni ya bomba kubwa la moshi. Nimeuona tangu utotoni, sikuwahi kuuliza ni kitu gani. Akanieleza: tanuru lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na ule mlima ni mavi yake, yaani uchafu unaobaki madini yakiyeyushwa, miaka na miaka yamemwagwa pale. Halafu akasema ndani yake kuna kobalti, na watu walikuja baadaye kuuchimba kama mgodi.

Nikauliza, ilifikaje humo? Mjomba hakujua kemia ya daftari, akasema tu "kobalti inapenda hewa kuliko shaba". Nikarudi nyumbani nikafungua sillabu. Kweli: kobalti inashikana na oksijeni kwa urahisi kuliko shaba, kwa hiyo ndani ya moto inageuka oksidi na kukimbilia kwenye mavi, shaba inabaki chini. Ile mishale yote ya oksidesheni ilikuwa inaongea juu ya mlima wa kwetu. Nilisoma mpaka mshumaa ukaisha. Mwaka ule kemia nilipata 12, na leo ndiyo inanilisha huku Kolwezi.

Mtu_wa_Kamalondo
Vieux, na baba alisemaje?

Vieux_Kolwezi
Aliniuliza kama viatu havijaisha kwa kuzunguka.

MwanaKatuba
Asanteni sana. Mdogo nimempa simu asome, amesoma yote, hajasema neno. Lakini asubuhi hii sanduku la viatu vyangu vya harusi limekatwa na kukunjwa pande mbili, viatu viko chini kwenye vumbi, na sindano za mama za kufumia hazionekani. Binti_Kipushi, mama anakutafuta.