Mjadala: Keanu Reeves na gita lake la besi, anastahili jukwaa au anabebwa na jina?

Wakuu, tulijadili hili bila kutukanana. Mwigizaji wa Hollywood akishika gita tu, maneno ni yaleyale: anabebwa na jina. Waliambiwa hivyo Russell Crowe na Jared Leto, na Keanu Reeves anaambiwa mpaka leo kwa ajili ya bendi yake ya Dogstar. Kwa Keanu mimi nakataa.

Bendi ile haikuundwa na meneja. Keanu alikutana na Robert Mailhouse dukani, Los Angeles, akamwona kavaa jezi ya Detroit Red Wings, timu ya hoki ya barafu. Keanu naye alikuwa golikipa wa mchezo huo tangu ujana wake Toronto. Urafiki wa hoki ukazaa muziki: Mailhouse kwenye ngoma, Keanu kwenye besi. Mwaka 1994 akaingia Bret Domrose, gita na sauti.

Tazameni alipochagua kusimama. Haimbi, hasimami katikati. Na baada ya filamu ya Speed kumpandisha chati mwaka huohuo wa 1994, aliletewa Speed 2, hadithi haikumvutia, akaikataa na kwenda kuzunguka na bendi. Mtu anayetafuta kiki angefanya hivyo? Nawasikiliza.

—

Mkuu, mimi ni mpiga besi wa muziki wa dansi, kwa hiyo umenigusa penyewe. Kwamba anaupenda muziki, sibishi. Ninachobishia ni foleni. Mwaka 1995 Dogstar waliwafungulia Bon Jovi, bendi kubwa ya roki, Australia na New Zealand, na mwaka uleule wakamfungulia nyota wa muziki David Bowie kwenye ukumbi wa Hollywood Palladium. Wakati huo albamu hawana hata moja! Bendi gani nyingine ya Los Angeles isiyo na albamu ingepewa nafasi hiyo?

Nasema kwa uchungu. Kuna mwaka tulifanya mazoezi mwezi mzima kwa onyesho la Idi Mosi. Zikiwa zimebaki siku mbili tukaambiwa nafasi kapewa mtu wa filamu mwenye wimbo mmoja. Akapanda na CD, akafuatisha midomo. Vijana wangu wawili waliacha vyombo baada ya pale, mmoja sasa ni bodaboda. Alikuwa na mkono wa solo ambao sijaupata tena.

—

Pole sana kaka. Hilo la Bowie na Bon Jovi nakubali, mlango ulifunguliwa na jina. Ila yule wenu alipanda na CD, huyu anapiga mwenyewe.

Na foleni yenyewe ina mambo. Machi 1992, kwenye baa ya Raji's, Hollywood, bendi changa ilipiga onyesho lake la kwanza kabisa, ikapanda baada ya Dogstar. Bendi hiyo ni Weezer. Miaka miwili baadaye albamu yao ya kwanza ikatoka, ikauza mamilioni. Kupanda nyuma ya Keanu hakukuwazuia.

Halafu angalia Dogstar wenyewe walipoishia. Albamu yao ya 1996, Our Little Visionary, ilitoka Japani tu. Mwaka 1999, The Matrix ikiwa imejaza kumbi za sinema, walipiga kwenye tamasha kubwa la Glastonbury kule Uingereza. Jina lake halijawahi kuwa kubwa kama mwaka ule. Mwaka 2002 bendi ikavunjika.

—

Kaka zangu, samahani nichangie. Wote mnamzungumzia Keanu, mimi namfikiria Domrose. Ndiye anayeimba. Kabla ya Dogstar alishapiga na The Nuns, bendi ya panki ya San Francisco, si mtu wa kuokotwa. Lakini ameimba miaka yote hiyo kwenye kitu kinachoitwa "bendi ya Keanu", mbele ya watu wanaotazama kona ya besi. Kama kuna aliyelipia lile jina, ni yeye na Mailhouse, kila usiku.

Sasa niambieni: Mei 2023 watu hawa watatu, walewale, walipanda jukwaani tena kwenye tamasha la BottleRock, Napa. Oktoba wakatoa albamu ya tatu. Miaka zaidi ya 20 imepita tangu waachane, Domrose angeweza kukataa. Yeye ndiye mwenye haki ya kulalamika kutuzidi sisi wote, na kachagua kurudi.

—

Dada, hilo la Domrose limenikaa. Sikuwahi kumfikiria.

Nafasi ya Bowie bado naidai, na nitaidai kwa kila bendi iliyokatwa kwenye ratiba kwa sababu ya sura ya mtu. Lakini albamu hiyo ya 2023 sijaisikiliza, na si haki kumhukumu mpigaji kwa filamu zake. Usiku huu navaa spika za masikioni. Mara ya kwanza nitamsikiliza Domrose. Mara ya pili besi peke yake, wimbo kwa wimbo, kisha nirudi hapa niwaambie kama anaushika muziki au anaufuata.