Nataka nyumba ya mtindo wa godauni shambani Kongwa: stili au tofali?

Mlima Alizeti
Wakuu, habari za majukumu. Nina shamba la ekari nne upande wa Mlali, Kongwa. Nataka kuhamia huko na familia: mimi, mama watoto, watoto watatu na mama mzazi ambaye magoti hayataki tena ngazi. Kuna mtindo wa Wamarekani nimeuona mtandaoni umenikaa kichwani: jengo moja refu kama godauni, mita 16 kwa 9, paa la mgongo wa tembo, sebule na jiko pamoja katikati na juu wazi mpaka kwenye kenchi. Upande mmoja vyumba, upande wa pili stoo ya mahindi na alizeti pamoja na sehemu ya kulaza pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono. Bati jeusi.

Fundi wa Dodoma mjini anataka fremu ya chuma. Fundi wa kijijini anamcheka, anasema tofali za kuchoma zipo hapo hapo. Bajeti ni milioni 45, na haiji kwa mkupuo, inakuja kila baada ya mavuno. Maji ya kujengea nategemea boza. Nishaurini. Matusi tupeleke kwenye uzi wa mpira.

Kokoto Tatu
Kongwa na bati jeusi? Mama mzazi umemchoka?

Mlima Alizeti
Hahaa, basi nishauri rangi mkuu.

Kokoto Tatu
Nyeupe au kijivu cha kung'aa. Na hiyo ya "wazi mpaka kwenye kenchi" usiige kichwa kichwa. Wenzetu huko wanapambana na baridi, kwa hiyo paa lao limejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke. Wewe ukiacha bati tupu juu ya sebule, saa nane mchana hapakaliki, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Kama unapenda ule uwazi, piga siling ifuate mteremko wa paa, chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), uache nafasi kati yake na bati. Halafu weka matundu ya hewa kwenye mapaa ya pembeni na mengine juu kabisa kwenye kofia, ili joto lipande litoke. Matundu yote yawe na wavu, popo wa huko wanajulikana.

Jengo lilaze mashariki-magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi ndio unaopigwa na jua la jioni, huko weka bafu na pawatila, usiweke kitanda cha mtu.

Mzee wa Korongo
Mbukwa. Mnaongea kana kwamba jambo hili ni geni. Wagogo tumekaa kwenye tembe miaka yote: nyumba ndefu, paa la udongo, ng'ombe uani, watu na nafaka chini ya paa moja. Mchana wa Oktoba ukiingia ndani unasahau jua. Kilichotushinda ni mchwa kwenye nguzo, na paa kuvuja mvua ikizidi. Huyo kijana anarudi kwao tu, ila anapitia Marekani.

Mlima Alizeti
Shikamoo mzee. Hiyo nimeipenda, nitamsomea mama.

Fundi Hesabu
Niingie kwenye stili. Watu wanaibeza lakini kwa mtu anayejenga kwa awamu na kununua maji, ina faida moja kubwa: unaweza kuanza na paa. Simamisha nguzo, funga kenchi, ezeka, weka mifereji na tenki. Mvua za kwanza zikija unavuna. Piga hesabu: paa lako pamoja na mapaa ya pembeni ni kama mita za mraba 175. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hata mwaka ukileta milimita 500 tu, hizo ni lita 87,500. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na 70,000. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, miezi minane ya kiangazi inakula kama lita 29,000. Chimba tenki la lita 30,000 kabla ya kitu kingine. Kuta utazijenga taratibu kwa tofali za kijijini, fundi akiwa kivulini na maji yako mwenyewe.

Kokoto Tatu
Fundi Hesabu, nakupinga kidogo. Paa lisilo na kuta kwenye upepo wa Kongwa ni tanga la jahazi. Nimeona paa limelala shambani kwa jirani.

Fundi Hesabu
Ndiyo maana kuna mikingamo. Chuma cha mshazari kwenye ncha zote mbili za jengo na kwenye paa lenyewe, nguzo zikae juu ya zege zito na zifungwe kwa bolti. Usizike nguzo ya mbao ardhini, mchwa hawajasoma katalogi. Mchoro wa fremu apige mhandisi, hapo usimbanie. Ila kwa upana wa mita 9 hata kenchi za mbao zenye dawa zinatosha, mradi ziegemee nguzo imara. Chuma cha juu mpaka chini ni cha mwenye hela ya mkupuo.

Mlima Alizeti
Udongo juu ni mwekundu, kushuka korongoni ni mweusi.

Fundi Hesabu
Baki kwenye mwekundu. Mweusi unavimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, na nyumba inapasuka nao.

Dada Ugani
Kaka, ngoja. Wote mmepita juu ya stoo ya mahindi. Utayahifadhi na nini?

Mlima Alizeti
Vidonge vile vya kufukizia, kama kila mtu.

Dada Ugani
Basi stoo isiguse nyumba. Vile vidonge vikikutana na unyevunyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosifini. Gesi haijui ukuta umeishia wapi, na hasa ukuta usiofika kwenye bati, kama hiyo ramani yako. Familia inalala, asubuhi haiamki. Kama lazima nafaka ikae chini ya paa hilo, tumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, na hakuna kidonge kinachovuka mlango. Mahindi yakauke kwanza vizuri: mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yenyewe yalikuwa ya kula nyumbani. Alizeti nayo ikauke vizuri hivyo hivyo. Pawatila na dizeli vipewe mlango wa nje tu.

Mlima Alizeti
Hili sikulifikiria kabisa dada. Stoo naitoa, itakaa mita kadhaa upande upepo unakoelekea. Hapo palipobaki wazi patakuwa chumba cha mama chenye mlango wake wa nje.

Kokoto Tatu
Kile cha magharibi?

Mlima Alizeti
Aaah. Navigeuza. Mama mashariki, watoto wapishane na bafu.

Wakili wa Kichakani
Shamba lina karatasi?

Mlima Alizeti
La marehemu baba, tumegawana kifamilia.

Wakili wa Kichakani
Pitisheni mgao kwenye halmashauri ya kijiji uandikwe, kisha uombe hati ya haki miliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Fanya hivyo kabla hujamwaga zege, ndugu huwa wanakumbuka urithi wakishaona bati.