Naomba ushauri: nimealikwa mlimani kesho baada ya dhoruba ya theluji, tahadhari ni daraja la 3 kati ya 5

Mpare_Innsbruck (Ijumaa)
Wakuu habari za jioni, shikamooni mlionizidi umri. Niko Innsbruck, Austria, mwaka wa pili, nasoma huku nafanya kazi jikoni hotelini. Tangu Jumatano dhoruba imepiga mfululizo, baiskeli za uani zimefunikwa mpaka kwenye usukani. Leo kumetulia, kesho jua litawaka. Wenzangu watatu wa kazini wamenialika tupande bonde la jirani kwa viatu vya theluji, vile vipana vya kufunga chini ya buti ili usizame. Mmoja wao amekulia hapa, anasema njia anaijua tangu utotoni.

Taarifa ya maporomoko ya theluji ya Tirol, jimbo letu hili, ile inayotoka saa kumi na moja jioni, inasema hatari ni daraja la 3 juu ya mita 2,000. Mwenzangu anasema 3 kati ya 5 ni katikati tu. Mimi moyo unasita, ila naona vibaya kumvunja moyo mtu aliyenikaribisha vizuri. Vifaa maalumu sina. Niende?

MamaNeema_Uswisi
Mdogo wangu, usiende. Mimi niko Graubünden mwaka wa kumi na moja, na hiyo 3 ndiyo inayoua. Kwenye daraja la 5 barabara zinafungwa na watu wanakaa ndani. Kwenye 3 jua linawaka, theluji mpya inameremeta, watu wanatoka. Huku Uswisi karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za daraja la 3. Na mara nyingi poromoko linaanzishwa na huyo huyo linayemzoa, au mwenzake, kwa uzito wa mwili tu.

Siku ya kwanza ya jua naiogopa kuliko dhoruba yenyewe. Theluji iliyopeperushwa na upepo hurundikana upande wa pili wa ukingo ikashikana kama ubao, na chini yake panaweza kuwa na tabaka la zamani, chembe zisizoshikana, kama sukari. Ukikanyaga, ubao unakatika na mteremko mzima unaondoka. Nimewahi kuusikia mlio wake: "vumf" nzito chini ya miguu, theluji ikashuka kidogo kama godoro unapolikalia. Tulikuwa mahali tambarare, ndipo tukapona. Kiongozi wetu hakusema neno. Aligeuka, nasi tukazifuata nyayo zetu kurudi.

Kijana_wa_Moshi
Samahani kwa swali la asiyejua. Theluji si laini? Mtu hawezi kujichomoa?

Fundi_Colorado
Mkuu, inapoanguka kutoka angani ni laini. Ikishaporomoka na kusimama inakaza kama zege, hata kidole hukichezeshi. Kwenye mafunzo niliyofanya huku walifukia begi lenye kifaa cha kutoa mawimbi (kile unachovaa mwilini ili wenzako wakupate ukifukiwa), kina cha mita moja. Tulikuwa wanne. Kulipata ilikuwa dakika tatu. Kuchimba zaidi ya 10, kwa sepetu za chuma, tukipokezana, jasho linatutoka kwenye baridi ile. Na wengi wanaopona ni wale wanaotolewa ndani ya dakika 10 hivi za mwanzo. Baada ya hapo hewa inaisha na matumaini yanashuka haraka. Helikopta mara nyingi haiwahi, wa kukuokoa ni uliotoka nao.

Kwa hiyo bila kifaa, fimbo ya kuchokolea na sepetu, si kwamba wewe tu hutapatikana. Rafiki yako akifukiwa, utabaki umesimama juu yake bila la kufanya. Angalia pia mteremko: hatari kubwa ni kuanzia nyuzi 30, hata kama wewe unapita chini yake bondeni.

Mzee_wa_Vienna
Kuzaliwa pale si kinga. Galtür, Tirol hiyo hiyo, 23 Februari 1999: watu 31 walikufa kijijini, na kesho yake 7 Valzur, jirani tu. Nyumba nyingine zilizobomolewa zilikuwa kwenye eneo lililohesabiwa salama.

Simlaumu rafiki yako, kijana wangu. Mpigie umwambie unataka kutoka naye, ila mbadilishe njia. Vigari vya mbao vya kuteleza vipo kwenye njia zilizofunguliwa rasmi. Na weka 140 kwenye simu, ndiyo namba ya uokoaji mlimani Austria.

Mpare_Innsbruck (Jumapili)
Nimerudi kuwashukuru. Nilimpigia usiku ule ule. Alinyamaza, nikadhani kakasirika, kumbe mama yake naye alishamkataza wakiwa mezani. Tumekwenda kuteleza na vigari, nimeumia kiwiko kidogo. Mmoja wetu alikwenda mlimani na kundi lingine, amerudi salama, namshukuru Mungu. Nimejiandikisha mafunzo ya mwezi ujao. Kifaa cha mtumba nikipata ninunue?

Fundi_Colorado
Cha zamani chenye antena moja usichukue. Tafuta cha antena tatu, na kwa siku za mafunzo kodi kwanza dukani.