Akilala anapiga, akisimama anakosa. Nifanyeje?

Kocha Mpya: Habari zenu wakuu. Nafundisha baiathloni, ule mchezo wa kuteleza kwa skii thelujini na kulenga shabaha kwa bunduki, mara ukiwa umelala kifudifudi, mara umesimama. Nina binti wa miaka 19 ambaye kwenye skii simdai kitu. Shida ni bunduki. Akisimama bila kukimbia anaangusha shabaha nne kati ya tano, hata zote. Akitoka mbioni, mbili. Juzi kwenye kilomita 7.5 alikosa tatu akiwa amesimama, akazunguka mizunguko mitatu ya adhabu, mmoja kwa kila kosa. Mazoezini nimemwongezea risasi, wapi. Nakosea wapi?

Mlengaji Mkongwe: Pole kocha, nimepitia hayo. Hizo risasi za ziada anapiga akiwa amepumzika? Kama ndiyo, hapo ndipo kwenye kasoro. Nilikuwa na kijana wa hivyo hivyo. Siku moja nikaacha kutazama shabaha, nikatazama magoti yake: yanacheza! Alikuwa anaingia uwanja wa kulengea kwa kasi ya kumalizia mbio. Nikachomeka kijiti mita 200 kabla ya mkeka wa kulengea. Akifika hapo anapunguza mwendo, anavuta pumzi ndefu.

Kwenye mkeka: fimbo za skii chini, miguu palepale kila siku, kiwiko kiegemee nyonga. Afumbe macho, apumue mara mbili, afumbue. Akikuta analenga shabaha ya jirani, asogeze miguu, si mikono. Atoe pumzi kidogo, afyatue katika kile kituo kifupi. Akiibana sana jicho linaingia ukungu.

Na kila jioni dakika 15 za kufyatua bila risasi, baada ya kuruka-ruka mpaka mapigo ya moyo yapande. Chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, ikaguliwe kwanza, risasi zisiwemo kabisa chumbani.

Skii Ndefu: Kupunguza mwendo si kupoteza muda?

Mlengaji Mkongwe: Anapoteza sekunde chache. Mzunguko mmoja wa mita 150 unamla zaidi ya 20.

Kocha Mpya: Asante sana mkuu. Kweli, zote alikuwa anapiga akiwa amepoa. Nimeangalia daftari: alikosa ya kwanza, ya pili na ya tano.

Mlengaji Mkongwe: Mbili za mwanzo ni pumzi, kijiti kitazitibu. Ya tano nadhani ni haraka ya kuondoka. Shavu lisitoke kwenye kitako cha bunduki mpaka aone shabaha nyeusi imegeuka nyeupe.